Nilivyomkosoa Roda Juu ya Mgela

Alhamisi, Machi 1976. Mvua imekatika alfajiri, kisha jua likawaka mpaka matope yakapasuka. Nimechoka hadi vidole vya kushikia kalamu.

Asubuhi tulipalilia mahindi ya shule. Tulipomaliza, Mwalimu Mkuu akanikabidhi darasa la tatu niwapandishe Mgela, huu mwinuko ulio nyuma ya shule, niwafundishe tofauti ya mlima na kilima. Anatafuta mmoja wetu wa darasa la saba abaki kufundisha madarasa ya chini.

Natamani niwe mimi. Sijamwambia mtu, hata mama.

Watoto walikuwa arobaini na wawili, wote pekupeku. Njiani mmoja aliomba kwenda kukojoa, wakaomba wote.

Tulipofika juu niliwaeleza kama kitabu kinavyosema: mwinuko unaozidi futi elfu mbili kutoka chini yake ni mlima, usiofika ni kilima. Mgela haufiki. Kwa hiyo Mgela ni kilima.

Roda, mtoto wa miaka tisa, akanyoosha mkono. "Dada, huu ni mlima. Unatoa maji."

"Na kile kule?" wenzake wakamchokoza, wakimwonyesha mwinuko mrefu wa upande wa Mikumi.

"Kile kilima tu. Unapanda na kiu, unashuka na kiu."

Wakacheka sana.

Wazee wetu hutofautisha hivyohivyo. Penye chemchemi isiyokauka kiangazi ni mlima, hata pawe pafupi. Mimi nilizaliwa juu ya Mgela, kabla hatujahamishiwa kijiji cha ujamaa huku bondeni. Maji yake nimeyanywa. Nilijua Roda anasema nini.

Lakini Mwalimu Mkuu, aliyetufuata kunisikiliza, alikuwa amesimama nyuma yao, kofia mkononi.

Nikasema, "Umekosea, Roda. Kaa chini."

Akakaa. Hakuuliza kitu tena, wala mwingine yeyote. Nilimaliza somo huku watoto waking'oa majani na kuyachana.

Tulipokuwa tunashuka Mwalimu Mkuu aliniambia, "Umefundisha vizuri, binti. Darasa limetulia." Maneno hayo nimeyangoja mwezi mzima. Nikaitikia, "Ahsante, Mwalimu," huku nikiona aibu.

Darasa halikutulia. Nililinyamazisha.

Kitabu hakikukosea, na Roda hakukosea. Kitabu kinapima urefu, wazee wanapima maji. Ilikuwa sentensi moja tu, nami nikaogopa kuisema.

Kesho kabla ya kengele nitakwenda kumwamkia Mwalimu Mkuu, nimweleze yote, nimwombe dakika kumi za darasa la tatu. Nitamwambia Roda mbele ya wenzake kwamba aliyekosea ni mimi. Huenda nafasi ikaenda kwa mwingine. Inaniuma hata kuiandika.

Ila kinachoninyima usingizi si nafasi. Je, Roda atanyoosha mkono tena?