Bonbon ya maracuja

Emérence, ma sœur, banatufukuza mu usine ya bonbon! Mimi na mutoto wangu Bénie!

Tulikuwa tunatoka Kirumba kwenda Beni kwa kokoo, bibi yake. Nikasema tusimame Butembo kidogo, mutoto aone vile banatengenezaka bonbon.

Patron wa usine mwenyewe akamupatia moja, iko bado moto. "Onja, ni ya tunda ya maracuja."

Bénie ananyonya, ananyonya. Kisha anasema mbele ya bamama bote benye banafungaka bonbon mu karatasi: "Mama, hii haiko maracuja. Ni sukari na rangi."

Haiko maracuja! Na iko na miaka sita tu!

Patron anakasirika. Ati: "Batoto ba mashamba banajua nini?"

Mais, Emérence, unajua shamba yetu ya maracuja! Huyu mutoto anakula maracuja tangu hana meno!

Nikatoa maracuja moja mu kitunga yenye tulikuwa tunapelekea kokoo, nikaipasula juu ya meza yake. Harufu ikajaa pote. Bamama banacheka. Nikamuambia: "Patron, onja na weye."

Juu ya ile njo akatufukuza.

Mu gari, Bénie ananiuliza polepole: "Mama, nilikosa?"

"Hapana. Bonbon njo ilikosa."