Ramlo, Mchele wa Hooyo Usiupike

Iftin, Garissa.
Jumatano, 12 Novemba 2025.

Mpendwa dada yangu Ramlo,

Assalamu alaykum warahmatullah. Naomba karatasi hii ikukute mzima huko Mbeya, wewe na shemeji na binti yako Hani, mzazi wetu. Baridi ya huko bado inauma masikio? Sisi hapa mvua za vuli hazijaonekana, jua linatukaanga, lakini afya tunayo, alhamdulillahi. Hooyo, mama yetu mzee, anatembea kwa mkongojo na bado anagombana na kila muuza maziwa, kwa hiyo ujue ni mzima.

Utashangaa Rage, mtu wa simu, kushika kalamu. Mwandiko usiucheke. Shule niliiacha darasa la sita, lakini masomo niliyamalizia kwenye usukani: Juba nimefika, Lubumbashi nimefika, Beira nimelala siku tisa nikisubiri meli, na bei nimebishana kwa lugha tano bila kushindwa hata moja. Naandika Kiswahili ili Hani naye asome, maana Kisomali chake ni cha kuombea maji tu.

Mtoto wake amefika miezi mitano sasa? Hooyo ametangaza kitukuu chake mtaa mzima. Picha uliyotuma ameiweka ndani ya msahafu, na anadai paji la uso ni langu. Mungu amnusuru.

Siku hizi nakumbuka sana mwaka ule ulipoletwa kwetu kutoka Griftu, habaryar Shamso, mama yako na ndugu yake Hooyo, alipofariki. Ulikuwa na miaka saba, umeshika kikombe cha bati na hutaki kumpa mtu. Ukame wa mwaka huo ulimaliza ng'ombe wote wa baba, Hooyo akashika jembe na kipande kile kando ya mto Tana, akapanda mpunga. Watu walitucheka. Adeer Mohamednoor, ami yetu, alikuja na fimbo yake ya ngamia, akasimama ukingoni asichafue viatu, akauliza, "Saynab, umekuwa chura?" Hooyo hakuinua hata kichwa. "Chura hafi kwa kiu," akasema. Adeer aliondoka na kilo kumi nyuma ya gari, na kila mwaka akarudi kumsalimia chura.

Na wale ndege. Alfajiri mimi na wewe tukiwafukuza kwa kupiga debe letu, wewe ukiwaimbia waende kwa jirani, kule mpunga ni mtamu zaidi. Halafu sahani ya kwanza ya mchele mpya na maziwa ya ngamia, Hooyo ametukodolea macho mpaka tuseme kitu. Alipenda kusema ng'ombe wanakufa, udongo haufi.

Ndiyo maana kila mavuno gunia lako linapanda lori. Madereva wananicheka, kupeleka mchele Mbeya ni kama kupeleka mchanga Wajir. Nawaambia Mbeya wana mchele, sisi tuna manukato.

Sasa Ramlo, kaa chini.

Juzi niliposema mchele umeingia wadudu, nilikudanganya. Ukanijibu, "Abboowe, kaka yangu, wadudu nimewazoea tangu utoto, nitaupepeta, niuanike, uwe uji wa kwanza wa mtoto." Nikakuapisha usiupike mpaka upate barua, ukaapa, nami nikakata simu kama mwizi.

Mwezi wa nane Qali, binti wa ofisi ya kilimo, alipita mashamba yote ya mfereji wetu akichota udongo na mchele wa kupeleka maabara. Nilimwambia achote mwingi, mchele huu akiuonja ataacha ugali. Aliporudi na majibu hakucheka. Kwenye udongo wa Hooyo mna madini ya risasi, ileile ya ndani ya betri za gari, tena nyingi. Kwenye mchele imo pia. Ukiosha haitoki, ukipika haitoki. Mtu mzima inamdhuru, lakini mtoto mchanga inamla akili polepole, bila homa wala upele wa kukushtua. Kisha akaniuliza, "Adeer, hapa juu ya shamba palikuwa na nini?"

Hapa juu palikuwa na mimi.

Unaikumbuka karakana yangu nilipotoka kwenye malori. Bango nililipaka rangi mwenyewe, DAKTARI WA BETRI, na nilikutumia picha. Malori yalinishushia betri zilizokufa mpaka za kutoka Modogashe. Nilizipasua kwa shoka, tindikali nikamwaga, sahani zake za ndani nikaziosha mferejini kwa sababu maji yalikuwa karibu, kisha nikayeyusha risasi kwenye sufuria nikauza. Miaka sita. Maji yalitoka kwangu yakaingia kwa Hooyo, yakaendelea kwa majirani, kwa Najib, kwa Sadia, kwa mzee Bulle. Mara moja Hooyo alisema maji yana ladha ya msumari. Nilimjibu mbele ya watu kwamba hayo ni madini, Wazungu wanayalipia. Watu walicheka, na aliyecheka zaidi ni mimi. Karakana nimeifunga miaka kumi na minne sasa, nikadhani mlango ukifungwa na mambo yamefungwa.

Mwanangu Guled unamjua. Darasa la pili alirudia mara tatu. Wageni wakija nilimwita Gogo, naye alicheka pamoja nasi. Nilimuuliza Qali kama ni risasi iliyomfanya hivyo. Akasema leo hakuna anayeweza kujua. Afadhali angenitukana.

Hooyo nilipomweleza alivuta tasbihi mpaka adhana ya alasiri. Kisha akasema, "Mwandikie Ramlo ni ukame. Sema shamba limekauka, basi." Mama yule aliyemjibu Adeer bila kuinua kichwa, leo yuko tayari kuusingizia udongo wake ili aniokoe mimi. Nilimbusu mkono, nikamwambia hapana.

Kwa hiyo chimba shimo refu, mbali na kisima, umwage mchele wote. Kuku usiwape, maskini usimpe. Hani apelekwe hospitali apimwe damu, na mtoto pia, mwambie daktari neno hili hili, risasi. Uji wa mtoto upike kwa mchele wa huko kwenu. Na Hani ajue aliyeharibu ni mjomba Rage, bibi yake hana kosa.

Qali anasema udongo huenda ukatibiwa, ni kazi ya miaka. Hooyo haulizi miaka mingapi. Kila asubuhi anaenda ukingoni, anakaa.

Msalimie sana shemeji. Mke wangu Zeinab anakusalimu, na Guled anasema shangazi usimsahau. Nimemwomba msamaha. Alisema, "Aabo, kwani umefanya nini?" nikaanza kumweleza upya.

Barua hii anakuletea dereva mwenzangu wa zamani, Yahye, mpe chai. Mungu awalinde ninyi nyote, ampe mtoto akili pana na maisha marefu. Ukitaka kunitukana, nitukane kwa simu, nitapokea. Ila kabla ya hapo niombee kitu kimoja. Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya sala, nitasimama niwaambie Najib, Sadia na mzee Bulle kilichomo kwenye mashamba yao, na ni nani aliyekitia. Watu hawa nimewachekesha miaka thelathini. Nikifungua kinywa tu wataanza kutabasamu. Niombee nisiwachekeshe.

Ndugu yako akupendaye, mwenye kosa,
Rage