Jeep Niliyoikawiza kwa Miezi Minane

Mpendwa Mama Uwacu,

Naomba msaada wako, na naomba unisome hadi mwisho kabla hujanicheka, kwa sababu jambo langu linaanza na gari, na mtu mwenye shida ya kuchagua gari hapa Uvira hana haki ya kulia mbele ya wenzake.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, nina miaka sitini na tisa, naishi Kimanga peke yangu tangu mke wangu Apolline alipofariki miaka mitatu iliyopita. Watoto wetu ni wawili, Eliane aliye Ubelgiji na Gracien aliye Lubumbashi, wote wana kazi na familia zao, na mwezi wa pili mwaka huu waliungana ili kuninunulia gari la famille, jeep ya viti saba, ili siku wakija na watoto wao tutoke wote pamoja hadi shambani kwetu Kiringye. Waligawanyika kwenye jambo moja tu: Eliane anataka jeep ya umeme, Gracien anataka ya petroli, yaani essence kama tunavyosema, wakakubaliana kwamba Papa, yaani mimi, ndiye atakayeamua.

Kabla ya hapo, Mama, simu yao ilikuja mara moja kwa miezi miwili, nayo ilikuwa fupi, "Papa, uko salama? Dawa ya tension, ile ya presha, unakunywa? Haya, tutaongea," nami nilijibu ndiyo, nikabaki nimeishika simu mkononi. Lakini gari lilipoingia kati, kila Jumapili baada ya misa simu ililia mara mbili. Eliane aliniambia, "Papa, ya umeme haina moshi, haina kubadilisha mafuta ya injini, unachomeka tu kama telefone." Gracien naye, "Papa, ya Eliane iko muzuri, miye sikatae, lakini courant ya umeme ikienda siku tatu, weye utaisukuma na mukono?" Nikacheka kama sijacheka tangu mazishi. Nikamuuliza Eliane betri inadumu miaka mingapi, akaenda kutafuta, akarudi na jibu Jumapili iliyofuata; nikamuuliza Gracien injini inakunywa lita ngapi kwenye njia ya mlima, naye akaenda kuwauliza mafundi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba swali moja ni wiki moja.

Sasa nikiri. Jibu nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza. Nimefundisha umeme miaka thelathini na minne, najua kwamba paneli zangu mbili za jua zinawasha taa na kuchaji simu, basi, na najua betri ya gari inataka kiasi gani. Ningeweza kumweleza mwanafunzi wa sekondari kwa dakika tano akaelewa. Lakini nilitunga maswali. Kila Jumamosi nilikaa mezani na daftari nikiandaa la kesho yake kama nilivyokuwa nikiandaa mtihani, na miezi minane ikapita hivyo, hadi jirani yangu Étienne akawa ananitania kila nikipita mlangoni pake, "Mwalimu, ile jeep iko inakuja kwa miguu?"

Mwezi uliopita maswali yaliniishia, nikarudia lile la betri. Eliane akasema, "Papa, hili uliniuliza mwezi wa tatu. Na mwezi wa sita." Badala ya kusema ukweli niliona haya, nikajibu, "Ee, mwanangu, ni uzee, ninasahau."

Tangu siku ile hawaongei tena juu ya gari. Eliane ananiuliza, "Papa, leo iko siku gani? Mtoto wangu wa kwanza anaitwa nani?" Nikijibu sawasawa ananiambia "Très bien, Papa," kwa sauti ileile niliyokuwa nikiwapa wanafunzi wazito wa kuelewa. Na sasa Gracien amekata tiketi. Atafika tarehe ishirini, si kunitembelea bali kunichukua, nyumba ipangishwe, niende kukaa kwake Lubumbashi ambako wataweza kuniangalia. Apolline amezikwa hapa, Mama.

Nikisema ukweli, watajua nimewachezea miezi minane, gari litanunuliwa, na simu itarudi kuwa ile ya miezi miwili. Nikinyamaza, nitamwona mwanangu mlangoni kwa mara ya kwanza tangu mazishi, ila atakuwa amekuja kumchukua mgonjwa ambaye si mimi. Kuna siku nataka kunyamaza. Nifanye nini? Na gari, niseme lipi?

Mwalimu, Kimanga
(Majina ya watoto nimeyabadilisha.)

* * *

Mwalimu,

Sikukucheka. Nilicheka kidogo pale pa Étienne, basi.

Nianze na gari, maana ndilo jepesi. Chukua la essence. La umeme si gari baya, na binti yako hakukosea kulipenda, kwani kule aliko analichomeka ukutani na asubuhi limejaa. Lakini gari hilo linataka mambo mawili ambayo huna: umeme usiokatika saa nyingi mfululizo, na fundi wa karibu anayethubutu kufungua betri yake. Essence nayo ina taabu zake. Ikikosekana ng'ambo ya mpaka, kwetu inapanda bei, hata kwa wale wauza madumu kando ya barabara. Hata hivyo dumu hubebwa na mtu hadi pale gari lilipokwama, courant haibebwi. Na siku barabara ya uwanda, ile ya kwenda shambani kwako, ikifungwa, yote mawili yatakaa nyumbani sawasawa. Viti viache viwe saba. Kuna akina mama wa Kilibula wanaoshuka Kiringye kulima na kurudi na mizigo kichwani; usingoje wajukuu wa Ubelgiji ndipo gari lako lipate watu.

Umenielewa? Vizuri. Hayo uliyajua kabla yangu, kwa hiyo sasa nikugombeze.

Umesimamia mitihani mingi. Bila shaka ulimwona mwanafunzi aliyemaliza kuandika zamani, lakini anaifunika karatasi kwa mkono, kwa sababu mwalimu amesimama karibu na dawati lake, naye hataki mwalimu huyo aondoke. Ulimhurumia, nina hakika, lakini karatasi uliichukua. Nami naichukua yako.

Ugonjwa wa kusahau si vazi la kuazima, Mwalimu. Kuna wazee katika mji huu wanaotoka nje asubuhi na kushindwa kurudi kwao, na watoto wao wanalia. Wewe umeuvaa kwa sababu ya haya. Ulipendelea watoto wako wakuone umepotewa na akili kuliko wakuone mpweke. Jiulize, taratibu, ni nani aliyekufundisha kwamba hilo la pili ndilo aibu kubwa zaidi.

Watoto nao sitawaacha. Mtu mzima hapaswi kuhitaji jeep ndipo ampigie baba yake. Lakini wao waliuliza, "Papa, uko salama?" na wewe ukajibu ndiyo, miaka mitatu, ndiyo, ndiyo. Wangejuaje? Isitoshe nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ambapo wewe ndiye uliyepiga simu. Sikupapata. Ulikuwa umekaa unangoja.

Basi fanya hivi, na usingoje tarehe ishirini. Kesho nunua unités za simu, uwapigie wewe, wote wawili kwa pamoja, ili asiwepo atakayesikia habari yako kutoka kwa mwenzake. Useme: "Akili yangu ni nzima. Nilidanganya. Gari ni la essence, tangu mwezi wa pili nilijua. Nilitaka muendelee kunipigia." Ni sentensi nne. Najua utatamani kueleza habari za betri na paneli, usieleze.

Tiketi ya Gracien isirudishwe. Mwambie aje kama mgeni, mle samaki wa ziwa, mikeke, mwende pamoja kaburini kwa mama yake, akuone unavyopika, unavyohesabu, unavyojibu majirani. Akitaka kukaa juma zima, mtandikie kitanda. Kisha arudi Lubumbashi peke yake, nawe ubaki kwako.

Watakasirika? Eliane huenda akakasirika hata wiki mbili, na ana haki. Zivumilie. Huenda pia baadaye simu zikapungua. Siwezi kukuahidi kinyume. Lakini zile zitakazokuja zitakuwa zinakutafuta wewe, na ukiona zimechelewa, una vidole, piga.

Ukimaliza sentensi ya nne, usiongeze ya tano. Zamu ya kuuliza sasa ni yao.

Mama Uwacu