Maziwa Yenye Weusi

Mama,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na hiyo baridi ya Rhotia? Baba amemaliza kuvuna maharage? Mimi ni mzima, ila nikipenga, kamasi zinatoka nyekundu kwa vumbi.

Mji wenyewe ni huu: barabara moja ya kwenda mpakani, mabanda huku na huku, na mbuzi wanaotafuna mifuko ya plastiki. Mvua hawaijui. Malori yanasimama kwenye mgahawa wangu kwa sababu moja tu, chai ya maziwa.

Sasa sikia. Mama wa Kimasai anayeniletea maziwa, tunamwita Yeyo, alinimiminia maziwa yenye chembe nyeusi zinaelea. Nikayamwaga barabarani mbele yake. Akachukua kibuyu chake, akaondoka. Kesho yake hakuja, wala mwanamke mwingine yeyote wa maziwa. Vikombe sitini kwa siku vikashuka hadi kumi na viwili, vyote vya chai ya rangi.

"Mama Chai, leo tuko msibani?" dereva mmoja akaniuliza.

Wiki nzima hivyo. Nikaanza kufunga mizigo, halafu nikamkumbuka shemeji na mdomo wake. Nikamfuata Yeyo bomani. Nzi, Mama! Nikamwambia wazi kuwa maziwa yake yalikuwa machafu. Akacheka hadi akashika mbavu.

"Uchafu gani? Ule ni mkaa. Kibuyu tunakisafisha kwa kijinga cha moto. Wewe umemwaga chakula cha watoto, malori yakakanyaga. Nani mchafu?"

"Basi unataka nini?"

"Unywe."

Wenzake wakasogea kutazama. Nikanywa kibuyu kizima, chembe zinanikwaruza koo, huku natabasamu kama bibi harusi.

Asubuhi maziwa yakarudi. Kinachonichefua zaidi, madereva wanayasifu! "Mama Chai, niwekee ile ya moshi." Watu wazima na akili zao. Mimi nakunywa ya rangi.

Kwa hiyo nitumie chujio, lenye matundu madogo kuliko yote utakayoyaona mnadani Karatu. Ya hapa yanapitisha hata mchanga. Lifunge ndani ya khanga. Yeyo siku hizi anakaa jikoni kwangu kunitazama nikichemsha; akiliona, nimekwisha. Nitachuja akitoka nje kutema ugoro.

Msalimie Baba, na dada Veronika, na huyo mumewe aliyesema sitamaliza miezi mitatu huku. Mwambie naingia wa nane.

Habari za kibuyu usimwambie.

Binti yako,
Aurelia