Mapanga Yakisimama

Mama mkwe, shikamoo.

Magauni uliyowashonea wajukuu zako yamewakaa vizuri. Mdogo amegoma kabisa kulivua lake.

Mwanao alikuambia kwamba kituo cha umeme wa dizeli kilipopunguza watu, alipata kazi ya ofisini. Alinikanya nisiseme, lakini si kweli. Anapanda minara ya umeme wa upepo kutengeneza mitambo. Majirani, ambao kwao umeme ni dizeli tu, huiita feni za serikali. Akipanda, mapanga yanayozungushwa na upepo husimamishwa, nami huyaona kutoka jikoni.

Leo yamesimama tangu saa tatu asubuhi. Huwa hayapitishi saa sita mchana. Nilianza barua hii ili nisichungulie nje, nikajiambia yakizunguka tu, nafunga bahasha.

Sasa ni saa kumi jioni, mama, na bahasha bado iko wazi.

Mkweo, niliye dirishani.