Samaki Watatu kwenye Kadi Namba 318

KITUO CHA POLISI, RUSE
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Ralitsa Todorova Mineva
Umri: Miaka 31
Kazi: Mratibu wa kazi, kampuni ya matengenezo ya lifti Strela-94
Makazi: Mtaa wa Charodeyka, Ruse
Tarehe na saa: 7 Desemba 2024, saa 3:15 asubuhi

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimeelezwa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa, na nimeelewa. Nimekuja kwa sababu Bw. Stamen Gochev, miaka 68, msimamizi wa mlango B wa jengo namba 14 mtaa wa Zdravets, yuko mahabusu hapa tangu jana kwa kosa ambalo si lake. Nimesikia mwendesha mashtaka anaamua leo saa 7 mchana. Naomba tuandike bila kupoteza muda.

Mafundi wetu huandikiana kwenye kundi la simu. Kazi zenyewe ziko kwenye ubao wa kazi wa kompyuta, kila kazi na kadi yake yenye namba. Zamani nilikuwa nahamisha habari kwa mkono kutoka kundi kwenda ubao, siku nzima, mpaka macho yananiwasha. Mwezi Machi niliviunganisha vifanye vyenyewe. Kanuni niliyoiweka ni hii: fundi akiandika namba ya kadi kwenye kundi, na watu watatu wakaweka alama ya tiki chini ya ujumbe wake, kadi inajifunga. Ikishajifunga, msimamizi wa jengo anapelekewa ujumbe kwamba kazi imekamilika, awashe umeme wa lifti.

Mwanzoni ilihesabu tiki ya kijani peke yake. Lakini mtunza stoo wetu, Yordan, alikuwa anaweka dole gumba, na mhasibu Milka anaweka ua, basi kadi zikawa zinabaki wazi. Bosi wetu, Injinia Lyubomir Tsonkov, alinijia juu mbele ya watu. Siku hiyohiyo nikabadilisha: badala ya tiki, alama yoyote. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha kahawa. Sikumwuliza mtu, na hakuna aliyeniuliza. Mwisho wa mwezi nilinunuliwa keki.

Jana, tarehe 6 Desemba, ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Nikola, siku ambayo mwenye jina hilo huwaandalia wenzake samaki, na fundi wetu mkuu ni Nikola Penchev. Saa 2:20 asubuhi alipita ofisini na samaki aliyeokwa na mkewe, mzima, amejazwa wali na kokwa za walnati, akamweka mezani. Nilimwambia akae ale kwanza. Akasema, "Nikikaa sinyanyuki, dada. Nyie kuleni, ila kichwa mniachie. Atakayegusa kichwa tutaonana."

Yordan ndiye aliyeanza utani. Kila Nikola alichoandika kwenye kundi asubuhi hiyo, Yordan aliweka alama ya samaki chini yake. Alipoandika "nimefika", samaki. Alipoandika "kuna baridi", samaki. Wote tukaingia kwenye utani huo, na tulikuwa tunacheka kweli.

Saa 4:10 Bw. Gochev alinipigia. Alisema, "Binti, huyu Nikola wenu kaniachia ufunguo wa chumba cha swichi huko juu. Kasema nisiwashe mpaka nipate ujumbe wa kampuni. Ndivyo?"

Nikamjibu, "Ndivyo, baba. Subiri ujumbe."

Akasema, "Haya, nausubiri. Maana wa ghorofa ya nane wameshaanza kunitukana."

Naomba maneno hayo yaandikwe kama yalivyo. Mimi ndiye niliyemwambia asubiri ujumbe, na yeye alisubiri.

Saa 4:38 Nikola aliandika kwenye kundi: "Kadi 318. Kitufe cha kusimamishia lifti kutoka shimoni kimekufa, nabadilisha. Umeme nimezima. Nipo chini shimoni, asiwashe mtu." Saa 4:39 Yordan aliweka samaki. Saa 4:40 Milka aliweka samaki. Samaki wa tatu niliweka mimi, saa 4:41. Ujumbe wenyewe sikuusoma. Niliona jina lake tu, kidole kikaenda.

Saa 4:41 hiyohiyo kadi 318 iligeuka kijani kwenye ubao. Niliiona. Nilifurahi, nikadhani amefanya haraka ili awahi samaki. Nilisimama nikamtafutia sahani.

Saa 4:49 Nikola aliandika tena: "Nusu saa bado. Kichwa changu kipo?"

Hapo ndipo niliporudi juu kwenye kundi nikasoma ujumbe wake wa saa 4:38. Nilimpigia Bw. Gochev. Simu iliita, haikupokelewa. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Baadaye niliambiwa simu aliiacha nyumbani kwake chini, kwa sababu lifti ilikuwa imezimwa na alikuwa anapanda ngazi ghorofa tisa kwa miguu, na anahitaji mikono yote miwili kushika chuma cha ngazi.

Dakika tatu hizo nilizipoteza. Nilipaswa kumpigia Nikola kwanza. Jambo hili limenikosesha usingizi, na sitegemei kuupata hivi karibuni.

Saa 4:52 nilimpigia Nikola. Alipokea akicheka: "Mmemla kichwa, nyie mashetani?"

Nilipiga kelele, "Toka shimoni! Toka sasa hivi!"

Akasema, "Nini? Nani kasema—" Halafu nikasikia mlio wa chuma unashuka, na sauti yake ikageuka ikawa siyo maneno. Simu ilikatika.

Alikuwa ameshaanza kutoka. Lifti ilimbana mguu wa kulia na nyonga. Yuko hai.

Nilifika mlango B saa 5:15 kwa teksi. Polisi walikuwepo. Bw. Gochev alikuwa amekaa kwenye ngazi, ameshika ufunguo, anamwambia kila anayepita, "Nilipata ujumbe. Mimi nilipata ujumbe." Afisa mmoja alichukua simu yake, akatafuta, hakuona kitu. Yule mzee ana simu ya zamani inayojaa upesi, na ujumbe akishausoma anaufuta. Saa 5:40 walimchukua. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake na sikufungua mdomo. Niliogopa.

Saa 6:30 mchana Injinia Tsonkov aliniita, akafunga mlango. Alisema, "Ralitsa, mwanangu, mzee aliwasha swichi. Hilo ndilo lililotokea, mengine ni ya kompyuta. Ule muunganisho wako uufute wote leo."

Nikamwuliza, "Na baba Stamen je?"

Akasema, "Ana miaka sitini na nane, hawatamfunga. Wewe una thelathini na moja."

Sikuufuta. Nilichapisha kumbukumbu zake zote, kurasa nne, nazikabidhi hapa. Zinaonyesha kila alama iliwekwa na nani na saa ngapi. Jina langu liko kwenye mstari wa tatu.

Kuna jambo moja la mwisho, liko ukurasa wa nne. Saa 6:05, kabla hajaniita, Injinia mwenyewe alifungua kadi mpya, akaandika kwenye kundi: "Kadi 319. Ajali mlango B. Nikola yuko chumba cha upasuaji." Watu waliweka mioyo, kama watu wanavyofanya. Mioyo ilipofika mitatu, kadi ya ajali ilijifunga, ikaandikwa kwamba imekamilika. Kwa kanuni yangu, msimamizi wa mlango B lazima alipelekewa ujumbe. Wakati huo alikuwa tayari yuko kwenu, na simu yake mnayo nyie. Naomba muiwashe muangalie.

Niliyoyasema ni niliyoyafanya na niliyoyaona mimi mwenyewe. Nimesomewa, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: R. Mineva

MAELEZO YA AFISA: Nimeandika mimi, Sajini Kremena Valcheva. Shahidi alilia mara moja, hakuomba kupumzika. Kurasa nne zimepokelewa. Saa 4:30 asubuhi, mbele ya shahidi, niliiwasha simu ya Bw. Gochev iliyokuwa imefungiwa kwenye bahasha ya vielelezo. Kulikuwa na ujumbe mmoja ambao haujasomwa, wa jana saa 6:06 mchana: "Kazi Na. 319 imekamilika. Umeme wa lifti uwashwe. Asante." Nimempigia mwendesha mashtaka. Saa 5:10 nilikwenda mwenyewe kumfungulia Bw. Gochev. Alikataa kutoka mpaka nimwandikie kwenye karatasi, na kutia sahihi, kwamba ni kweli ameachiwa.