Kitambaa cha Mferejini

Chorkor, Accra

Kaka Ayitey,

Sisi hatujambo. Mvua zimeanza, na mdogo wetu Korkor amejifungua binti mwenye sauti kubwa kuliko redio ya jirani.

Ujumbe wako wa kunitaka nikiondoe kile kitambaa cha mferejini nimeupata. Sikukiondoa. Nilikifunga kwenye mfereji unaotoka kiwandani kwenu, pale wanaposaga plastiki, na mvua ya kwanza ilipopita nikakuta kimenasa chembe ndogo kama chenga za mchele. Nilijaza bakuli, nikampelekea meneja mbele ya wafanyakazi wake.

"Mama, huo ni mchanga tu," akasema.

"Mchanga wa bluu umeuona wapi, baba? Hizi ndizo tunazotoa kwenye matumbo ya samaki."

Wafanyakazi wakacheka. Yeye akaniambia nisisahau kwamba kaka yangu ni dereva wa tawi lao la Kumasi.

Siku hiyo nililia, sikufichi. Najua una watoto shuleni. Lakini binti wa Korkor atalishwa samaki hao hao, nami nimwambie nini? Kwamba niliona nikanyamaza?

Jana walikuja vijana wawili na kisu kukata kitambaa. Walitukuta wanawake kumi na mmoja tumekaa kwenye kingo za mfereji, miguu ndani ya maji. Wakarudi walikotoka na kisu chao.

Kaka, nakupenda, na siondoi kitu. Wakikufukuza, rudi nyumbani. Chumba chako nimeshakifagia.

Mdogo wako mkaidi,
Dedei